Asidi Ikimwagika: Tujibu Maswali ya Mtihani

Watoto wetu walioko sekondari hufundishwa somo la kemia. Kemia ni elimu ya vitu: vimeundwa na nini, na vikichanganywa hugeuka kuwa nini. Katika somo hilo kuna swali ambalo walimu hupenda kuliuliza, kwa maneno haya au yale: "Asidi imemwagika. Utafanya nini ili isilete madhara?"

Wazazi wengi hudhani hilo ni swali la shule tu. Sivyo. Asidi imo vijijini mwetu. Imo ndani ya betri ya trekta, ya gari na ya sola. Kostiki soda, ambayo ni kinyume cha asidi lakini ni kali vilevile, imo katika ndoo za akina mama wanaotengeneza sabuni. Mtoto wa darasa la pili hajui kemia, lakini anajua kufungua chupa.

Kwa hiyo mwezi huu tutajibu maswali ya mtihani hapa gazetini. Mwanafunzi apate alama zake. Mzazi naye apate kulinda macho na ngozi za watu wa nyumbani kwake.

ASIDI NA ALKALI

Asidi huitwa pia tindikali. Ndimu ina asidi. Ukwaju una asidi, na siki, na maziwa ya mgando. Hizo ni asidi dhaifu, nasi twazila. Asidi ya betri ni kali. Hutoboa nguo, hula chuma na huunguza ngozi. Usionje kamwe kitu usichokijua ili kujua kama kina uchachu.

Alkali ni kinyume cha asidi. Magadi ni alkali. Maji ya majivu ni alkali, na chokaa pia. Iliyo kali kuliko hizo ni kostiki soda. Alkali huteleza mkononi kama sabuni. Ukishika maji ya kostiki na kuona yanateleza, ujue ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanayogeuka kuwa sabuni. Nawa upesi.

Wataalamu hupima mambo haya kwa kipimo kiitwacho pH. Kipimo hicho kina namba kutoka 0 hadi 14. Maji safi yako katikati, kwenye 7. Chini ya 7 ni asidi. Juu ya 7 ni alkali. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kila hatua moja ni mara 10. Maji ya pH 5 yana uchachu mara 10 kuliko maji ya pH 6. Maji ya pH 4 yana uchachu mara 100 kuliko hayo ya 6. Kwa hiyo ukisikia mto umeshuka kutoka 7 hadi 4, usiseme ni hatua tatu tu. Ni mara 1,000.

Asidi na alkali zikikutana kwa kiasi kinacholingana, kila moja huua ukali wa mwenzake. Kinachobaki ni maji na chumvi. Chumvi hiyo si lazima iwe ya mboga. Katika kemia kuna chumvi za aina nyingi. Sisi mabwana shamba twaijua kazi hii siku nyingi. Udongo ukiwa na tindikali nyingi, maharage hudumaa hata ukiweka mbolea. Twamwaga chokaa ya kilimo, na udongo unapoa. Mwanafunzi huyafanya mambo hayohayo ndani ya chupa ya kioo.

Shuleni hutumia karatasi ya litimasi kupimia. Katika asidi huwa nyekundu, na katika alkali huwa ya buluu. Nyumbani unaweza kutumia choya, yale maua mekundu tunayochemsha kuwa kinywaji. Chukua maji ya choya, yagawe katika vikombe viwili. Kimoja tia ndimu, kitabaki chekundu. Kingine tia magadi, kitageuka kuwa cha kijani au cha buluu. Mwaga baada ya kutazama, usinywe.

SWALI LA KWANZA: ASIDI YA BETRI IMEMWAGIKA SAKAFUNI

Wanafunzi wengi hujibu hivi: "Nitamwagia kostiki soda, kwa sababu alkali kali huua asidi kali." Jibu hilo lina akili, lakini mtahini atalikata. Na nyumbani litakuunguza.

Sababu ya kwanza ni joto. Asidi na alkali zinapokutana hutoa joto. Zikiwa kali zote mbili, joto ni jingi mno. Maji huchemka na kuruka, na yanayoruka ni asidi. Sababu ya pili ni kipimo. Hujui asidi iliyomwagika ni kiasi gani. Ukizidisha kostiki, umeondoa sumu moja na kuweka nyingine palepale.

Jibu sahihi ni kutumia alkali dhaifu. Tumia magadi, au ule unga mweupe wa kuumulia mandazi, au chokaa ya kilimo. Hizo hata zikizidi hazina madhara makubwa.

Kwanza ondoa watoto, kuku na mbuzi. Fungua milango na madirisha. Vaa viatu vya kufunika mguu, glavu za mpira, na miwani kama unayo. Kisha zungushia mchanga au udongo mkavu, asidi isitembee. Sasa nyunyiza magadi kuanzia pembeni ukielekea katikati, kidogokidogo. Utasikia sauti ya kuchemka na kuona povu. Usiogope. Ile ni hewa ya ukaa inatoka, hewa ileile inayoumua mandazi. Lakini usiiname juu yake, maana povu hurusha matone.

Povu ndilo kipimo chako. Endelea kunyunyiza mpaka magadi mapya yasitoe povu tena. Hapo asidi imekwisha. Zoa kwa chepe, tia katika ndoo ya plastiki, kisha osha sakafu kwa maji mengi.

Majivu ya kuni yanaweza kutumika kama magadi hayapo. Lakini nguvu yake hailingani: majivu ya mti huu si sawa na ya mti ule. Tumia mengi, na hakikisha yamepoa kabisa. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayowaka moto, kwa hiyo kaa la moto halitakiwi karibu yake, wala sigara.

KIASI GANI CHA MAGADI?

Hapa kuna hesabu, na mtihani wa kemia hupenda hesabu. Asidi ya betri huitwa asidi ya salfa. Gramu 98 za asidi hiyo zinahitaji gramu 168 za ule unga wa mandazi ili ukali wote ufe.

Betri iliyojaa chaji ina asidi tupu karibu gramu 470 katika kila lita moja ya maji yake. Gawa 470 kwa 98, kisha zidisha kwa 168. Utapata kama gramu 800. Yaani lita moja ya maji ya betri hutaka unga huo karibu kilo nzima.

Ikimwagika robo lita, kiasi cha kikombe cha chai, gramu 200 zatosha. Pakiti ndogo moja ya dukani haifui dafu. Mwenye betri ya sola ya kuongezwa maji ni vizuri aweke kilo moja ya magadi ndani ya kopo lenye kifuniko, karibu na betri. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya betri.

Jambo jingine. Ndani ya betri hiyo mna risasi. Magadi huua uchachu, lakini hayaondoi risasi. Takataka ulizozoa usizitupe bustanini wala karibu na kisima. Zitie katika chombo cha plastiki, kifunge, kiandike "sumu", umwulize ofisa afya wa kata pa kupeleka. Tutaona mbele kwamba hata mataifa yamekutana na tatizo hili, kwa ukubwa wa mto mzima.

SWALI LA PILI: ASIDI IMEMRUKIA MTU MKONONI

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Mwanafunzi aliyejifunza kwamba magadi huua asidi huandika: "Nitampaka magadi." Na kama ni kostiki, huandika: "Nitampaka siki au ndimu."

Hapana. Sakafu si ngozi. Tumesema kwamba kuua ukali hutoa joto. Joto hilo juu ya ngozi iliyokwisha kuungua ni kidonda juu ya kidonda. Tena utapoteza muda ukitafuta ndimu huku sumu inaendelea kula.

Jibu ni maji. Maji mengi, safi, ya baridi ya kawaida, upesi. Mwagia mahali palipoungua kwa dakika 20 au zaidi. Dakika 20 ni nyingi kuliko unavyofikiri, tazama saa. Mvue nguo, pete na viatu vilivyolowa huku maji yakiendelea. Usipake mafuta, wala asali, wala dawa ya meno, wala yai.

Kama ni kostiki ya vipande vikavu, kwanza pangusa vipande kwa kitambaa kikavu, ndipo umwagie maji. Vipande hupata moto vikilowa.

Jicho ndilo la hatari kuliko yote. Mlaze mgonjwa kwa ubavu, jicho lililodhurika liwe chini, ili maji yasikimbilie jicho zima. Shikilia kope zifunguke. Mimina maji polepole kutoka pembe ya puani kuelekea nje, kwa dakika 20 au 30. Atalia na kukataa. Usimwachie. Kisha mpeleke zahanati siku hiyohiyo, hata akisema maumivu yamepungua. Kostiki huingia ndani ya jicho kuliko asidi, na huendelea kudhuru wakati mtu anadhani amepona.

Na aliyemeza? Usimtapishe. Kilichounguza koo wakati wa kushuka kitaliunguza tena wakati wa kupanda. Usimpe ndimu wala magadi. Asukutue mdomo, ateme, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Wengi wa wanaomeza ni watoto, na sababu yake ni moja: kostiki au maji ya betri kuwekwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Muuza duka anayepima sumu katika chupa ya soda anastahili kukemewa na kijiji kizima.

SWALI LA TATU: KIPI HUTIWA NDANI YA KINGINE?

Swali hili ni fupi. Unapozimua asidi kali, je, unatia maji ndani ya asidi au asidi ndani ya maji?

Unatia asidi ndani ya maji, polepole, huku ukikoroga. Asidi kali ni nzito kuliko maji. Ukitia maji juu yake, maji hukaa juu, hupata moto ghafla, huchemka na kuruka usoni. Ukitia asidi ndani ya maji mengi, inazama, na joto linaenea majini.

Kwa kostiki ni vivyo hivyo: vipande hutiwa ndani ya maji, si maji juu ya vipande. Akina mama wa vikundi vya sabuni, zingatieni na hili la sufuria. Msitumie sufuria wala mwiko wa alumini. Kostiki hula alumini, na hapo hutoka hewa inayowaka moto kwa mlipuko. Tumieni ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma kisicho na kutu. Maji ya kostiki yakimwagika sakafuni, mwagieni siki iliyozimuliwa kwa maji, au maji ya ndimu, kisha osheni. Vikiwa ni vipande vikavu, zoeni vikiwa vikavu.

SWALI LA NNE: NI SUMU ZIPI ZISIZOCHANGANYWA?

Siku hizi maduka yetu huuza dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe. Huuza pia dawa ya asidi ya kusafishia choo. Mtu huona choo kichafu, huzitia zote mbili ili zisaidiane.

Hazisaidiani. Asidi ikikutana na dawa hiyo hutoa hewa ya klorini. Hewa hiyo ni ya rangi ya kijani na njano, nzito kuliko hewa ya kawaida, na huunguza mapafu. Tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ujerumani liliifungulia hewa hiyo ielekee kwa adui karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, na askari wengi wakafa. Hewa ileile mtu anaweza kuitengeneza chooni mwake kwa chupa mbili za dukani. Ukiinusa, usijaribu kuiua kwa kitu chochote. Toka nje, acha mlango wazi, ukae mbali mpaka iishe.

YALIYOTOKEA ZAMBIA MWAKA 2025

Tumezungumza juu ya kikombe na juu ya lita. Sasa tuzungumze juu ya mto.

Tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la takataka za mgodi wa shaba ulibomoka karibu na Chambishi, katika Jimbo la Copperbelt, Zambia. Migodi hiyo hutumia asidi kutoa shaba katika mawe, na maji machafu yanayobaki huhifadhiwa katika mabwawa. Makadirio ya kwanza yalisema lita milioni 50 zilitoka. Zilishuka katika kijito cha Mwambashi, kisha zikaingia Mto Kafue.

Samaki walikufa. Mazao ya wakulima wa kandokando yaliungua, na ulikuwa msimu wa mvua, mahindi yakiwa shambani. Mji wa Kitwe, wenye watu wapatao 700,000, ulifungiwa maji ya bomba. Dalili za uchafu zilionekana hata kilomita 100 kutoka pale ukuta ulipobomoka.

Serikali ya Zambia ilifanya nini? Ilifanya lile lililo katika daftari la kemia la mtoto wako. Ilimwaga chokaa. Mashua zilipeleka chokaa mtoni, na ndege zikaimwaga kutoka juu. Hawakutumia kostiki. Walitumia alkali isiyo kali sana, kitu cha bei nafuu, kinachopatikana kwa wingi.

Chokaa ilipunguza uchachu wa maji. Lakini hapa kemia ina neno la pili. Maji ya mgodi hayana asidi peke yake. Yana madini mazito pia. Uchachu ukipungua, mengi ya madini hayo hayawezi tena kukaa yameyeyuka. Hugeuka kuwa tope na kuzama chini. Maji ya juu hupendeza, lakini sumu iko kwenye matope. Mafuriko yakikoroga matope hayo, au maji yakirudia uchachu, madini huweza kurudi majini. Kwa hiyo mkulima wa kando ya mto haulizi tu "pH ni ngapi?" Anauliza pia matope yamepimwa lini, na samaki wamepimwa lini.

Mambo hutokea kwa upande wa alkali pia. Tarehe 4 Oktoba 2010, nchini Hungaria, bwawa la kiwanda lilipasuka na tope jekundu lenye kostiki likaingia kijiji cha Kolontár. Watu 10 walikufa, na wengi waliunguzwa miguu kwa kutembea ndani ya tope. Huko walimwaga jasi na asidi katika Mto Marcal ili kupunguza ukali kabla haujafika Mto Danube. Viumbe vya Marcal vilikufa, lakini Danube ulinusurika kwa sehemu kubwa.

SI KILA KITU HUUAWA UKALI

Mwanafunzi asije akadhani kila kinachomwagika kina dawa yake ya kukiua. Dawa ya wadudu ikimwagika ghalani, usikimbilie ndimu wala magadi, wala usioshe kwa maji, maana maji huipeleka kisimani. Mwagia udongo mkavu au vumbi la mbao, linyonye, kisha zoa na uhifadhi mbali na chakula. Mwite bwana shamba.

Petroli nayo si asidi wala alkali. Haina cha kumwagiwa na mwanakijiji. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa.

Ninyi mnaokaa kandokando ya barabara kuu, malori mnayaona kila siku. Mengine hubeba asidi, mengine kostiki, mengine mafuta. Tazameni bango la umbo la almasi lililobandikwa. Likiwa na picha ya matone yanayoangukia mkono na kipande cha chuma, mzigo huo unaunguza. Mara nyingi pana pia kibao cha rangi ya machungwa chenye namba. Namba 1830 ni asidi ya salfa. Namba 1824 ni maji ya kostiki. Namba 1203 ni petroli.

Lori likipinduka, kaeni upande upepo unakotoka, mbali, na zuieni watoto. Pigeni simu 114 ya zimamoto au 112 ya polisi, muwasomee namba hiyo. Wataalamu watajua kabla hawajaondoka kituoni kama wabebe chokaa au povu la kuzimia moto.